Subaru ya Mombasa, siku ya kwanza uwanjani Athi River: dalili, sababu, na wakati wa kusimama

Gari la spoti likitoka Mombasa kupanda uwanja wa mbio za magari wa Whistling Morans pale Athi River, karibu na Nairobi, kwa mara ya kwanza, wenyewe hurudi na malalamiko yale yale. Pedali ya breki imezama. Sindano ya joto imepanda. Taa ya oili imewaka konani. Nimeyasikia kwa Subaru zaidi, maana ndizo zilizojaa hapa mjini, lakini Evo, Golf GTI, Altezza na RX-8 nazo zina yao. Na mara nyingi mwenye gari alishamaliza pesa kwenye ekzosi na rimu, huku mafuta ya breki ni yale yale lililoshuka nayo melini Kilindini.

Sisi wa pwani tuna mzigo ambao mtu wa Nairobi hana. Unyevu unaingia kwenye mafuta ya breki, chumvi inakula paipu na mapezi ya rejeta, na gari lenyewe mwaka mzima linajikokota Nyali hadi Makupa kwa gia ya pili. Halafu siku moja unataka likanyagwe hadi mwisho kwa dakika kumi na tano bila kupumua, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila kilichochoka kimyakimya kitasema siku hiyo. Na usiende kulijaribu usiku barabara ya Dongo Kundu ukadhani umelipima. Hapo hujapima kitu, umehatarisha watu tu.

Nimepanga kwa dalili. Sababu inayotokea sana ndiyo ya kwanza, kwa hiyo anza nayo hata kama moyo wako unakwambia ugonjwa ni mkubwa zaidi. Ukikuta neno SIMAMA, usijadiliane nalo.

Pedali ya breki inalainika au inazama baada ya mizunguko mitatu minne

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Sababu ya kwanza ni mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani kupitia hozi na kifuniko cha kikopo, na hewa yetu unaijua, shati linalowana kabla hujatoka mlangoni. DOT ni daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye kopo. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinateremka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imeloa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Katika foleni ya daraja la Nyali mafuta hayakaribii joto hilo. Uwanjani yatafika, yatachemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na kutoa mvuke, na mvuke hubanika kama sifongo. Unakanyaga, mguu unakwenda chini, gari linaendelea na safari yake.

Namna ya kujua ni rahisi. Juzi mdogo wangu aliniletea Impreza yake, anaapa kwamba breki ni nzuri, bado wiki mbili apande. Tukafungua nipeli ya kutolea hewa ya breki ya gurudumu la nyuma, tukachomeka kipaipu cheupe, ncha ya pili tukaitia kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Mafuta mapya yana rangi ya samli iliyoyeyuka. Yaliyotoka pale yalikuwa kahawa chungu ya kwenye dele, na chini ya chupa pakatuama unga mweusi. Dogo akanyamaza.

Dawa ni kubadilisha yote, si kuongeza juu. Tumia DOT 4 nzuri au 5.1, kopo lililofungwa. Lile lililofunguliwa mwezi uliopita likakaa rafuni si jipya tena. Usitie DOT 5, maana hiyo ni ya silikoni, ni jamii nyingine kabisa, na haichanganyiki na hizi. Magari mengi huanza kutolewa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo, ila baadhi ya Subaru zina mpangilio wake, kwa hiyo fuata kitabu cha gari na si kichwa cha fundi. Kikopo kisikauke hata mara moja mnapopampu, hewa ikiingia mnaanza upya. Na yakidondokea rangi ya gari, mwaga maji hapo hapo, kwa sababu yanababua.

Sababu ya pili ni pedi. Hapa pedali inabaki ngumu, juu, lakini gari halisimami, na kuna harufu ya kitu kinachoungua. Pedi za kawaida zimezidiwa joto. Zikiwa zimeliwa kupita nusu, badilisha kabla ya kwenda, maana pedi nyembamba hupitisha joto moja kwa moja hadi kwenye mafuta, na hapo unarudi kwenye ugonjwa wa kwanza. Zikiwa mpya, zizoeshe kwanza barabarani kwa kufunga breki taratibu mara nyingi, usiende kuzifungulia uwanjani.

Ya tatu ni ya kwetu hasa: pini za kalipa zimeshika kutu. Pedi ya ndani imeliwa na ya nje bado nene, au gurudumu moja linatoa joto kuliko mwenzake. Toa pini, safisha, paka grisi ya silikoni inayostahimili joto. Pini iliyochimbika haitengenezeki, nunua nyingine.

Ya nne ni paipu za chuma zinazopita chini ya gari. Lala chini na tochi, angalia nyuma ya vishikizo na karibu na ekseli ya nyuma, mahali matope yenye chumvi hukaa bila kukauka.

SIMAMA na umtafute fundi wa breki ikiwa paipu inabanduka maganda ukiikwangua kwa kucha, ikiwa mafuta yanapungua na huoni yanakotokea, au ikiwa gari limesimama, injini inawaka, umekanyaga pedali na inaendelea kuzama polepole chini ya mguu. Hiyo ya mwisho huwa ni silinda kuu ya breki. Paipu iliyoliwa isiungwe kwa kipande cha hozi na klipu, hata aliyeiunga akikuapia.

Pedali ikizama ukiwa mzunguko wa kasi, pampu haraka haraka, shusha gia moja moja, washa taa za hatari na utoke kwa upande ulioelekezwa asubuhi. Kila ukimaliza zamu, tembeza mzunguko mmoja mzima pole pole bila kugusa breki ili zipoe. Ukiegesha, usivute hendibreki. Weka jiwe nyuma ya tairi, kwa sababu pedi ya moto iliyokabwa juu ya diski huacha alama, na alama hiyo kesho utaihisi kwenye usukani.

Sindano ya joto inapanda

Jambo la kwanza, usiiamini sana hiyo sindano. Magari mengi ya siku hizi yametengenezwa sindano itulie katikati hata maji yakipanda nyuzi nyingi, na ikianza kusogea ujue umechelewa. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari kitakuonyesha nyuzi kwenye simu. Mimi nikiona 105, natoka uwanjani, hata kama gari linakwenda vizuri.

Anza na uchafu. Kati ya rejeta ya maji na ile ya AC hujaa mchanga, wadudu na vipande vya mifuko, na mapezi yaliyoliwa na chumvi hupukutika ukiyagusa. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje.

Kisha kilicho ndani. Asubuhi, injini baridi kabisa, fungua kifuniko uone. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, umepata jibu. Toa yote, suuza, tia kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kifuniko chenyewe ni kidogo na cha bei nafuu, lakini ndicho kinachoshikilia presha ili maji yasichemke mapema. Kimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Nunua chenye namba ile ile ya gari lako. Pale Athi River maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama hapa ufukweni, kwa hiyo kifuniko kilicholegea ambacho Mombasa kinakufichia siri, kule kitakuumbua.

Feni ziwashe kwa kufungulia AC, zote zinapaswa kuzunguka. Halafu themostati, ule mlango mdogo unaofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Hapa nina ugomvi wa miaka na mafundi wenzangu. Gari likipata joto kidogo, themostati inang'olewa na kutupwa: "Hii ni ya nchi za baridi." Kwa injini nyingi za Kijapani kifaa hicho hicho ndicho kinachoziba njia ya mkato injini inapopata moto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kwenda kupoa. Kwenye foleni hutagundua. Kwenye mzunguko wa tano utagundua. Rudisha mpya.

SIMAMA ukiona mapovu yasiyokatika kwenye kikopo cha akiba, oili iliyogeuka chai ya maziwa, au moshi mweupe wenye harufu tamu. Hapo gasketi ya silinda hedi ishakwenda na si kazi ya wikendi. Na kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, hata kwa tambara, hata kidogo.

Ikipanda ukiwa unaendesha, ondoa mguu kwenye mafuta, zima AC, fungulia hita hadi mwisho na utoke. Utaoga jasho, lakini hita ni rejeta ya pili.

Taa ya oili inapepesa kwenye kona ndefu

Karibu kila mara oili ni pungufu. Simamisha gari mahali tambarare, zima, ngoja dakika tano, chomoa kijiti. Kwa barabarani, katikati ya alama mbili inatosha. Kwa uwanjani nataka ifike alama ya juu, isiipite. Kona ndefu husukuma oili yote upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu ikivuta hewa kwa sekunde moja tu, beringi zinakauka. Subaru za turbo hunywa oili kidogo kidogo. RX-8, yenye injini ya rota badala ya pistoni, imetengenezwa iinywe, kwa kuwa inapuliza oili ndani kulainisha sili za rota, kwa hiyo mwenye RX-8 apime kila baada ya zamu, si kila baada ya mwezi.

Ikiwa kipimo kiko sawa na taa bado inapepesa, angalia umri na uzito wa oili. Nyepesi mno, au iliyopita kilomita zake, hukatika kwa joto. Badilisha pamoja na filta kabla ya kupanda, kisha badilisha tena ukirudi.

SIMAMA taa ikibaki imewaka, au ukisikia mlio wa kugonga wa ndani unaofuata mzunguko wa injini, tok, tok, tok. Zima hapo hapo ulipo. Usiwashe tena "kusikiliza vizuri". Nimeona injini ambayo ingepona kwa beringi mpya ikatoboa bloku kwa sababu ya wasikilizaji watatu, kila mmoja na zamu yake.

Gari limekuwa zito, linakohoa au linagonga

Uzito mwingine si ugonjwa. Hewa ya kule ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo itapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Hakuna cha kutengeneza. Yenye turbo hujitahidi kufidia, lakini turbo inazunguka zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi.

Baada ya hapo tafuta hozi iliyochomoka. Kaza klipu zote kutoka kwenye turbo hadi kwenye ile rejeta ya hewa, mafundi huiita intakula, na kutoka hapo hadi kwenye injini. Ukisikia mluzi mpya na moshi mweusi, ni hewa inayovuja. Kisha plagi, kisha koili: gari linalokohoa likikanyagwa sana na kutulia likienda pole pole mara nyingi lina plagi zilizochoka.

Kugonga kama changarawe ndani ya kopo ni habari nyingine. Gari lililotengenezewa soko la Japani, likanywa petroli ya oktani 100, na juu yake mtu akaliongezea presha ya turbo, halipendi petroli ya kawaida ya kwetu. Tafuta petroli ya daraja la juu kituoni, rudisha presha ya kiwandani, na ukiendelea kusikia kugonga huko, SIMAMA. Programu ya kompyuta iliyobadilishwa na mtu usiyemjua ndiyo ya kushukiwa, na hiyo irekebishwe na mtaalamu mwenye vifaa vya kupimia mchanganyiko wa hewa na petroli, si na rafiki mwenye laptopu.

Usukani unatetemeka

Nati za magurudumu kabla ya kitu kingine chochote. Gereji moja hapa mjini ilinifungia rimu kwa bunduki ya hewa, trrr, trrr, tayari. Nilipofika Mariakani usukani ulikuwa unacheza ngoma. Nikashuka na spana: nati mbili zilizunguka kwa vidole. Tangu hapo nakaza mwenyewe kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kiwango cha kitabu cha gari, na narudia baada ya kilomita 50 na tena baada ya zamu ya kwanza.

Nati ikiwa sawa, uliza rimu. Za mtumba mara nyingi tundu la katikati ni kubwa kuliko habu, kile kitovu ambacho rimu inakaa juu yake, na bila ringi ya kujazia, gurudumu halikai katikati hata ukilibalansi mara kumi. Ikitetemeka ukifunga breki tu, ni diski. SIMAMA ikiwa gari limepandishwa kwa jeki na gurudumu linacheza ukilishika juu na chini: hiyo ni beringi au bolu joiti, kiungo cha gurudumu na mikono ya chini ya gari, na haina "nitakwenda pole pole".

Tairi zinateleza au zinaliwa bega la nje

Upepo. Ukipima 32 PSI, kipimo cha presha ya tairi, Mombasa ukapanda, geji yako itasoma zaidi kwa kama 2 kwa sababu ya mwinuko peke yake. Lakini asubuhi ya Athi River ni baridi, na baridi inapunguza karibu kiasi hicho hicho, kwa hiyo utaona namba ile ile na kudhani hakuna kilichobadilika. Jua likitoka na ukakimbia mizunguko minne, inaweza kupanda 5 au zaidi. Pima mara tu unapotoka uwanjani, tairi zikiwa moto, punguza kidogo kidogo huku ukiandika, na zote nne kwa geji moja. Kabla ya kuondoka jioni, zijaze tena kwa ajili ya barabara.

Umri usome ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka mingi likiwa na meno yote bado ni gumu kama ndara ya zamani. Lenye nyufa au uvimbe haliingii uwanjani.

Mengineyo, kwa haraka

Mzunguko wa injini unapanda na mwendo haupandi: klachi imekwisha, na haitapona kwa kuombewa. Harufu ya petroli konani: kifuniko cha tangi au hozi, na kabla hujaijua ni ipi, SIMAMA. Betri icheze isicheze, ifunge. Toa mazulia ya miguuni, jeki, spea na chupa za maji zinazozunguka chini, kwani chupa moja chini ya pedali ya breki inatosha. Helmeti ikutoshe. Soma mkataba wako wa bima, kwa maana bima ya kawaida mara nyingi haigusi kilichotokea kwenye mbio. Na kunywa maji, nawe una sindano yako.

Kurudi

Watu wengi hukagua wakienda na husahau wakirudi, na kilomita zaidi ya 450 za malori bado zinakungoja. Pedi zilizoingia nene asubuhi huenda zimebaki milimita chache. Zitazame kupitia rimu, kaza nati, pima oili, ongeza upepo. Ukifika Voi simama unywe chai, na kabla hujaketi pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikikuchoma kuliko zile tatu, kalipa imeganda, na kilomita 150 hivi zilizobaki hadi nyumbani zisubiri fundi.